Vali Nyuma ya Kisogo: Mazoezi Yapi Humwokoa Mzamiaji wa Kina Kirefu?



Nimeombwa nizungumzie thamani ya mazoezi ya usalama katika mafunzo ya uzamiaji wa kiufundi. Mada hii ina mtego wake. Mtu anaweza kuusifu usalama saa nzima, akapigiwa makofi, na asiwepo aliyeondoka na jambo jipya. Tahadhari kabla ya hatari tumeisikia tangu utotoni. Mimi nauliza: tahadhari ipi? Muda wa mwanafunzi ndani ya maji ni mfupi na ni ghali, na mazoezi yako mengi. Lipi lipewe siku nzima, lipi lipewe dakika chache, na lipi linafanywa kwa sababu tu linapendeza kwenye picha?

Kwa ajili ya wasiozamia, nianzie mbali kidogo. Mzamiaji wa burudani, anayeshuka kutazama matumbawe Kisite au Mnemba, amewekewa mpaka wa mita 40, na wengi hawafiki hata nusu yake. Ana mtungi mmoja mgongoni, na likimfika la kumfika anapanda juu taratibu, yamekwisha. Mzamiaji wa kiufundi hana nafasi hiyo. Huenda juu yake kuna dari ya mwamba, kwa kuwa yumo pangoni, au dari ya chuma, kwa kuwa yumo ndani ya meli iliyozama. Au ana deni mwilini: gesi iliyoyeyuka katika damu na nyama kwa nguvu ya mgandamizo, ambayo hana budi kuilipa kwa kusimama njiani, dakika kadhaa hapa na dakika kadhaa pale, kabla hajatoa kichwa juu ya maji. Asipolipa, gesi ile hugeuka mapovu ndani ya mwili, na mapovu hayo hupooza miguu au huua. Majedwali ya kwanza ya vituo hivi yaliyotungwa kwa msingi wa sayansi yalichapishwa na J. S. Haldane na wenzake huko Uingereza mwaka 1908, baada ya majaribio waliyowafanyia mbuzi. Tangu hapo hesabu zimeboreshwa sana, ila deni liko palepale.

Watu wa Mombasa hawahitaji mfano wa ng'ambo ili waelewe kina ni nini. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni, likazama na mama na bintiye. Lilikutwa katika kina cha mita 58, likatolewa tarehe 11 Oktoba, na wananchi walikuwa wakali: kwa nini siku zote hizo? Lawama za vivuko na serikali nawaachia wenyewe. Nitasema hesabu peke yake. Katika mita 58 mgandamizo ni karibu mara saba ya ule wa juu, na kila pumzi hula gesi kwa kiwango hichohicho. Hewa ya kawaida kwa kina hicho hulevya akili, mtu akaona mambo magumu ni mepesi. Juu ya hayo, kivuko kina mkondo wa maji kujaa na kupwa, meli zinapita, na chini hakuonekani vizuri. Wanamaji wa Kenya na wazamiaji binafsi walioshirikiana nao, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini, walikuwa wanafanya kazi nje kabisa ya mpaka wa burudani. Huko ndiko mazoezi ninayoyazungumzia yana maana.

Aliyetufundisha kuuliza swali langu kwa njia inayofaa ni Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa sekondari huko Florida, Marekani. Chemchemi za jimbo lile zina mapango marefu yenye maji maangavu yanayomshawishi mtu aingie, na kwa miaka mingi yaliua watu wengi, wakiwemo walimu wa uzamiaji wa baharini waliodhani ujuzi wao ungetosha. Exley hakuhubiri. Alichukua ajali moja baada ya nyingine akauliza: huyu angekuwa hai leo kama angefanya nini? Mwaka 1979 akatoa kijitabu chake *Basic Cave Diving: A Blueprint for Survival*, na majibu yalikuwa machache kuliko watu walivyotarajia. Wengi walikufa kwa kuwa hawakuwa na kamba isiyokatika kutoka walipokuwa hadi mlangoni, au hawakubakiza theluthi mbili za gesi yao kwa ajili ya kurudi, au walishuka kina kilichowazidi. Baadaye wenzake wakaongeza mambo mawili: kuwa na mafunzo ya mapangoni, na kubeba taa zisizopungua tatu. Exley mwenyewe alifariki tarehe 6 Aprili 1994 katika shimo la Zacatón, Meksiko, akijaribu kuvuka mita 300. Wapo wanaokitaja kifo hicho kama kwamba kinaifuta hoja yake. Hakiifuti. Kijitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida katika mapango ya kawaida, na kwao kimeokoa maisha mengi.

Tazameni orodha ile: vifaa vya ajabu havimo. Ina kamba, hesabu ya gesi, na busara ya kina. Nataka tupime mazoezi yetu kwa kipimo hicho hicho, na nianze na lile linalolalamikiwa kuliko yote, zoezi la vali.

Mzamiaji wa kiufundi hubeba mitungi miwili mgongoni iliyounganishwa kwa bomba lenye vali tatu: ya kulia, ya kushoto, na ya katikati inayoweza kuitenga mitungi. Vali ya kulia hulisha regyuleta anayovutia pumzi, yenye mpira mrefu. Vali ya kushoto hulisha ile ya akiba inayoning'inia chini ya kidevu, pamoja na kipimo cha gesi. Vali zote ziko nyuma ya kisogo, hazionekani. Zoezi ni kuzifunga na kuzifungua moja moja kwa utaratibu, ukiwa umelala mlalo ndani ya maji, bila kupanda wala kushuka, huku mwenzako akikutazama. Mwanafunzi anaumia mabega, anameza maji, na jioni anauliza: "Mwalimu, hivi hizi vali huharibika lini?"

Jibu la kweli ni kwamba mara chache sana. Vifaa vya leo vikitunzwa ni imara, na anayekwambia kwamba mpira utapasuka kila mwezi anakuuzia hofu. Kama thamani ya zoezi hili ingekuwa ni kusubiri mpira upasuke, ningesema lifundishwe siku moja, tuendelee na mengine.

Sivyo, kwa sababu vali zina tabia nyingine ambayo haipigi kelele. Ukipita chini ya dari ya mwamba au ya chuma, kirungu cha vali ya kushoto kikisuguana na dari hiyo huzunguka kuelekea kufunga, kwa jinsi tu kilivyokaa. Unasonga mbele na kinajifunga kidogo kidogo. Wewe unapumua kwa vali ya kulia, hujui lolote. Utajua siku mwenzako atakapoishiwa gesi: unampa regyuleta ya mdomoni mwako, unachukua ya akiba, unavuta, hakuna kitu. Hapo ni watu wawili wenye regyuleta moja. Aliyezoea kupeleka mkono kisogoni kila baada ya kupita mahali pembamba angeligundua hilo mapema, bila vurugu.

Vali ya katikati ina mtego mbaya zaidi. Ikiachwa imefungwa, mitungi inakuwa miwili isiyojuana. Unavuta kutoka wa kulia, kipimo kinasoma wa kushoto. Dakika zinakwenda na kipimo kinasema umejaa, nawe unajisifu kwamba leo umetulia, pumzi zako ni ndogo. Kisha gesi inakatika ghafla. Kuna watu wamekufa hivyo huku mgongoni mtungi mmoja ukiwa haujaguswa. Walichohitaji kilikuwa kuzungusha kirungu kimoja, na kabla ya hapo, kutilia shaka kipimo kisichosogea.

Zoezi hili pia linampima mwalimu. Mwanafunzi asiyefikia vali zake mara nyingi si mzembe. Mikanda yake imekazwa vibaya, mitungi imekaa chini mno, au nguo yake ya kuzamia haimruhusu kuinua mkono. Rekebisha vifaa kwanza. Na anayefikia vali lakini akapanda mita tatu akiwa anahangaika, huyo ameshindwa, hata kama vali zote amezifunga kwa mpangilio, kwa kuwa katika uzamiaji halisi mita hizo tatu zingemtoa kwenye kituo chake. Kukaa mahali pamoja majini huku mikono ikiwa na kazi nyingine ndio ujuzi wenyewe.

Kwa hiyo zoezi la vali libaki. Ila nalitoa kwenye kiti cha mbele, na wa kwanza kukikalia ni ujuzi usio na picha nzuri hata kidogo: kubadili gesi.

Ili alipe deni lake haraka, mzamiaji hubeba ubavuni mitungi mingine yenye oksijeni nyingi, aitumie anapopanda. Mchanganyiko wenye asilimia 50 ya oksijeni hutumika kuanzia mita 21 kwenda juu. Oksijeni tupu hutumika kuanzia mita 6. Chini ya hapo dawa inageuka sumu. Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba oksijeni ikigandamizwa hushambulia mishipa ya fahamu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenneth Donald wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza aliwapima watu wengi akakuta jambo la kutisha: mtu yuleyule aliyevumilia jana anaweza kushikwa na kifafa leo, mara nyingi bila dalili ya kumwonya. Kifafa nchi kavu kinatibika. Chini ya maji regyuleta inadondoka mdomoni, na mtu anazama.

Sasa fikirini mtu aliye mita 45, baridi imemwingia, gesi anayovuta imemlevya kidogo, ana mitungi miwili ubavuni inayofanana, na regyuleta zake zinafanana. Akiuma ile ya oksijeni tupu kina hicho, anavuta oksijeni yenye mgandamizo wa bari 5.5, wakati mpaka unaokubalika ni 1.6. Hatasikia harufu wala ladha. Atajisikia vizuri, hata vizuri sana, halafu basi.

Zoezi linalomkinga ni la kitoto ukilitazama. Soma namba kubwa ya kina iliyobandikwa kwenye mtungi. Mwonyeshe mwenzako, naye aisome. Fungua vali ya mtungi huo, kisha fuata mpira wake kwa mkono kuanzia kwenye vali mpaka kwenye kinywa cha regyuleta. Mwenzako athibitishe kwamba ulichoshika kinatoka kwenye mtungi uliosomwa, na kwamba kina mlichopo kinaruhusu. Ndipo uvute. Haifiki dakika moja. Wazamiaji hodari wamekufa kwa kuiruka, tena si kwa kutojua. Walikuwa wamezoea kwamba wa kushoto siku zote ni oksijeni, na siku ile haukuwa wa kushoto.

Mizizi ya zoezi hili iko nchi kavu. Mtungi upimwe na yule atakayeuvuta, kwa mkono wake, kabla ya kupanda mashuani. Aandike kiasi cha oksijeni, tarehe na kina cha mwisho, na abandue karatasi za zamani zote. Nimeona mitungi yenye karatasi tatu zinazopingana, na mwenyewe akicheka kwamba "mimi najua upi ni upi." Huyo namkatalia kuingia mashuani, awe na vyeti vingapi.

Katika daraja hilohilo naiweka hesabu ya gesi, ingawa walimu wengi hawaihesabu kuwa zoezi kwa sababu hufanywa kwa kalamu. Chukueni wazamiaji wawili walio mita 45, mmoja gesi imemwishia. Kwa wasiwasi kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji, jumla 60. Katika mita 45 mgandamizo ni bari 5.5, kwa hiyo kila dakika zinakwenda lita 330. Wape dakika moja ya kuelewana: 330. Wape dakika tatu za kupanda hadi mita 21 kwenye gesi inayofuata, wastani wa bari 4.3: 774. Wape dakika moja pale ya kubadili gesi kwa utulivu: 186. Jumla lita 1,290. Mitungi miwili ya lita 12 ina ujazo wa lita 24, kwa hiyo hiyo ni bari 54. Kipimo kikikaribia hapo, uzamiaji umekwisha, hata kama mnachokitafuta kiko mbele ya macho. Haya ni kwa maji ya wazi. Pangoni kanuni ni ya theluthi: moja kuingilia, moja kutokea, moja ya mwenzako.

Hesabu hiyo ndiyo inayolipa uhai zoezi la kuchangia gesi. Mpira mrefu, wa kiasi cha mita 2.1, ulizoeleka kwa watu wa mapangoni ili wawili waweze kupita mahali pembamba wakifuatana. Unatoa regyuleta unayoiuma wewe, ambayo una hakika inafanya kazi na ni gesi sahihi kwa kina hicho, nawe unachukua ya kidevuni. Asiyezamia hushangaa: kwa nini nijinyime? Kwa sababu asiye na pumzi hataiomba ya akiba kwa adabu. Atanyakua ile anayoiona ikitoa mapovu. Afadhali mwili wako uwe umezoea kuitoa. Zoezi hili lirudiwe mwanzoni mwa kila uzamiaji, kwenye maji mafupi. Hilo tu, sina la kuongeza.

Kuhusu kamba na giza: mwanafunzi hufunikwa macho, akaifuata kamba kwa vidole hadi mlangoni huku amemshika mwenzake mkono. Wengine huona ni mchezo. Mwaka 2018 vijana 12 na kocha wao walinaswa katika pango la Tham Luang, Thailand, na wazamiaji wa mapangoni kutoka Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, wakawapata tarehe 2 Julai. Walipokuwa wakiwatoa, kila kijana akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, Chris Jewell aliipoteza kamba katika maji yasiyoonekana kitu, na mtoto yumo mkononi mwake. Hakukimbilia huku na huko. Alipapasa, akakuta waya wa umeme, akaufuata mpaka penye hewa. Mtoto alitoka salama. Kitambaa cha macho kinafundisha utulivu kama ule, na si rahisi kuupata kwa njia nyingine.

Lakini kuna mtindo unaonikera. Mwalimu anafunga vali ya mwanafunzi, anamvua miwani, anamzimia taa, kisha anamwambia mwenzake ajifanye ameishiwa gesi, yote ndani ya dakika moja, halafu anasimulia jioni jinsi walivyohaha. Hakuna ajali inayokuja hivyo. Ajali za kweli huanza na jambo dogo lililopuuzwa: kipimo hakisogei, mwenzangu amechelewa kujibu ishara, mkanda umelegea. Mwanafunzi aliyelelewa kwa fujo hujifunza kumchungulia mwalimu ili ajue pigo linatoka upande gani. Siku mwalimu hayupo, hana wa kumchungulia. Mpe tatizo moja, mwache alimalize vizuri, na umpime kwa jinsi alivyoligundua mapema.

Na kuna ujuzi wa kugeuza. Kanuni ya zamani ni kwamba yeyote anaweza kuumaliza uzamiaji, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na asiulizwe. Tarehe 8 Januari 2005 David Shaw alishuka hadi kiasi cha mita 270 katika shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini, ili autoe mwili wa Deon Dreyer, kijana aliyefia humo mwaka 1994. Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa: mwili ulielea, kamba zikajisokota, na kwa kina kile kila jitihada humjaza mtu hewa chafu mwilini haraka kuliko anavyoweza kuitoa. Shaw alikufa kazini. Don Shirley, aliyekuwa akishuka nyuma yake, alinusurika akabaki na athari ya kudumu ya usawa wa mwili. Siku nne baadaye, wenzao walipokuwa wakivuta vifaa, miili yote miwili ikapanda. Simhukumu Shaw, alikwenda kwa ajili ya wazazi wenye uchungu. Ila waliokasirika pale Likoni kwamba wazamiaji walirudi juu mikono mitupu wajue kwamba kurudi juu ni sehemu ya kazi, na kiongozi anayewasukuma kwa maneno mbele ya kamera anawaweka hatarini.

Pwani yetu ina wazamiaji wengi ambao hawajawahi kusikia lolote kati ya haya. Wapo vijana wanaoshuka kutafuta majongoo ya bahari kwa mitungi ya kuazima, mara nyingi kwa siku moja, bila jedwali wala mwenza, na wengine wanarudi miguu haiwabebi. Vyumba vya mgandamizo vya kuwatibu ni vichache na viko mbali na vijiji vyao. Hao hawahitaji zoezi la vali. Wanahitaji kuambiwa kuhusu deni la mwili, kupanda polepole na kusimama njiani. Klabu na vyuo vyetu vinaweza kulifundisha hilo kwa alasiri mbili, bila ada, kwenye maji ya kufika kifuani. Naomba vifanye hivyo.

Na wewe kijana unayeweka akiba kwa ajili ya kozi ya kiufundi, kabla hujalipa muulize mwalimu mambo matatu. Nani atapima gesi yangu? Uzamiaji utageuzwa kipimo kikiwa bari ngapi, na hesabu yake iko wapi? Nikisema leo sitaki kushuka, utanijibu nini? Akikosa jibu la moja kati ya hayo, baki na hela yako, utafute mwalimu mwingine.